Simu Siyo Simba na Yanga: Usiue Mtaji kwa Kushabikia Kampuni

Leo sina mbinu ya kuposti wala saa nzuri ya kwenda laivu. Leo tuongee kuhusu kitu kinachotutafuna kimyakimya sisi wenye mtaji mdogo: mambo ya iPhone na Android, Mac na Windows, na dharau zinazotembea nayo.

Posti ni ndefu kidogo. Kama una mteja anasubiri, mhudumie kwanza halafu urudi.

Nianze na yangu. Nauza mapazia na mashuka. Nina fremu ndogo Mbagala, lakini wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Nimeishia kidato cha nne, na haya mambo ya simu na kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Mwaka 2023, wiki chache kabla ya Ramadhani, niliposti mapazia mapya kwenye grupu la wauzaji. Picha nilipiga na Android yangu niliyonunua 480,000. Dada mmoja akaandika chini yake: "Hizi picha za simu gani jamani? Mteja wa maana atakuamini vipi?" Wenzake wakaweka vicheko. Mwingine akamalizia: "Duka linaanzia kwenye simu."

Yani niliumia. Usiku sikulala. Asubuhi nikahesabu mtaji wangu: 1,400,000, pesa ya mzigo wa Idd. Wauza mapazia wenzangu mnajua, Idd na Krismasi ndiyo mavuno yetu. Watu wanabadilisha sebule. Nikajiambia nikipata iPhone picha zitauza, pesa itarudi haraka. Nikaenda Kariakoo, nikachukua iPhone iliyotumika kwa 850,000. Android yangu nikaiuza papo hapo 160,000. Nikarudi nyumbani na simu mpya na 710,000 mkononi.

Nitakuwa mkweli: picha zilipendeza. Video ndiyo usiseme. Watu walipenda, waliuliza bei, inboksi ilijaa. Shida ni kwamba mzigo ulikuwa nusu. Kufika kumi la mwisho la Ramadhani, muda ambao wateja ndiyo wanamiminika, mimi nilikuwa naandika "samahani mpendwa, imeisha" mpaka kidole kikauma. Nilikuwa na simu nzuri ya kuwaonyesha watu mapazia ambayo sina.

Hiyo siyo sehemu iliyoniuma zaidi. Vipimo vya madirisha ya wateja wangu vyote vilikuwa kwenye chati za WhatsApp, miaka mitatu ya vipimo. WhatsApp ya Android inahifadhi nakala ya chati Google, ya iPhone inahifadhi iCloud, na nakala ya huku haifunguki kule. Njia ya kuhamisha ipo tangu 2022, kwa kutumia programu ya Apple inayoitwa Move to iOS, lakini simu ya zamani lazima uwe nayo mkononi, na iPhone iwe mpya au imefutwa kila kitu. Mimi simu ya zamani nilishaiuza. Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu wala kwa kampuni. Sikuuliza.

Basi kuna mama mmoja wa Morogoro, mteja wangu tangu naanza. Akaniandikia siku nane kabla ya Idd: "Nifanyie ya sebuleni na chumbani kama mwaka jana, vipimo si unavyo." Nikamwambia mama samahani, naomba unipimie tena. Akakaa kimya siku nzima, kisha akajibu: "Mwanangu, mguu wangu wenyewe haupandi kiti tena. Acha tu, nitachukua hapa sokoni." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa hapo ndiyo niseme ninachoamini, na mtu akitaka kubishana nami karibu. Simu siyo Simba na Yanga. Klabu unaipenda tangu utoto, ikifungwa unalia, ikishinda unacheza barabarani, na hakuna anayekuuliza faida. Hiyo ni raha yako. Simu ya biashara ni kama mizani ya muuza nyama. Swali lake ni moja: inakuingizia au inakutoa?

Na wala usidhani wenye hizo kampuni wanachukiana kama sisi tunavyochukiana kwa niaba yao. Mwaka 1997 Apple ilikuwa kwenye hali mbaya. Steve Jobs akapanda jukwaani Boston mbele ya mashabiki wa Mac, akatangaza kwamba Microsoft, yule yule mpinzani mwenye Windows, anaweka dola milioni 150 kwenye Apple na ataendelea kutengeneza Office kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano. Sura ya Bill Gates ilipotokea kwenye skrini kubwa, mashabiki wakazomea. Unaona? Mashabiki wanazomea, wenye biashara wanapeana mikono.

Na siyo mambo ya zamani tu. Nyaraka za kesi huko Marekani zilionyesha kwamba Google, wenye Android, waliilipa Apple dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 ili utafutaji wa Google uwe ndiyo wa kwanza kwenye Safari ya iPhone. Samsung, ambaye matangazo yake yanaitania iPhone, anatengeneza vioo vya iPhone na kuvipeleka kwa Apple. Na kwa wale wanaoringia Infinix wakicheka mwenye itel: Tecno, Infinix na itel zote ni za nyumba moja, kampuni ya Transsion ya China. Unamcheka mtoto wa baba yako.

Wao wanafanya biashara. Sisi wenye fremu za Mbagala ndiyo tunapigana vita ambayo hatulipwi.

Lakini subiri, nisije nikaonekana nimekuja kuisema iPhone. Kosa langu la pili lilikuwa la upande huo.

Baada ya ile Idd niligeuka. Nikawa yule mtu wa "wenye iPhone wote wanalala chini, wanakula mihogo, kazi kujipiga picha kwenye kioo." Kila aliyekuwa na iPhone nilimwona ni wa kujionyesha. Mwishoni mwa mwaka ule alikuja binti kuomba kazi ya kunisaidia kuposti. Akatoa iPhone yake mezani kunionyesha video alizotengeneza. Unajua nilifanya nini? Nikaangalia simu, sikuangalia video. Nikamwambia nafasi imejaa. Akaenda kwa jirani yangu muuza vyombo, fremu ya tatu kutoka kwangu. Krismasi ile jirani aliongeza bodaboda wa pili wa kupeleka oda. Kila nikipita pale nakumbuka kwamba nilimfukuza yule binti kwa sababu ya kava la simu.

Kwa hiyo dharau ilinila mara mbili. Mara ya kwanza nilidharauliwa nikanunua kwa hasira. Mara ya pili nilidharau nikapoteza mtu. Pande zote mbili aliyelipa ni mimi.

Tuje kwenye kazi sasa. Ukitaka kuchagua kifaa cha biashara, jiulize maswali haya manne kabla hujaenda dukani. Mimi ningeyajua mapema, ningekuwa mbali.

1. Wateja wangu wako wapi na wananilipaje?

Biashara yangu inatembea kwenye WhatsApp na malipo ya simu. WhatsApp ni ile ile kote, mteja haoni unaandika kutoka simu gani. Wengine wanasema WhatsApp Business ni ya wenye iPhone. Hapana. Ilianza Android mwezi Januari 2018, iPhone ikaipata 2019. Kwenye malipo ndiyo kuna tofauti. Mteja mmoja analipa kwa mtandao huu, mwingine kwa ule, kwa hiyo wengi wetu tunahitaji laini mbili. Android nyingi zinazouzwa kwetu zina sehemu mbili za laini. iPhone nyingi zina sehemu moja tu ya kuchomeka, ya pili iwe ile laini isiyo na kadi, eSIM, na hiyo ipo kuanzia matoleo ya 2018. Mimi yangu ilikuwa ya zamani kuliko hapo, nikawa natembea na iPhone mkono huu na kitochi mkono ule. Hebu fikiria, laki nane na nusu na bado unahitaji kitochi.

Lakini kama wewe unauza vipodozi, mawigi au keki, na wateja wako wanakuja kwa sababu ya video zako, kamera ni sehemu ya duka lako. Hapo hesabu inabadilika, na iPhone inaweza kuwa ndiyo jibu sahihi. Usiogope kusema hivyo eti utaonekana unaringa.

2. Ikiharibika leo jioni, kesho asubuhi nitauza?

Uliza fundi wa mtaani kwako kabla hujanunua, siyo baada. Kioo cha simu hii kinapatikana? Bei gani? Betri je? Chaji yake jirani anayo? Kuna simu nzuri kabisa, lakini kioo chake ni cha kuagiza na bei yake ni nusu ya simu. Mfanyabiashara anayekaa siku tano bila simu ni sawa na aliyefunga duka siku tano.

3. Nikitaka kuhama, naweza kuhama na mali zangu?

Mali zako ni majina ya wateja, chati, picha, hesabu. Mimi namba za wateja zilibaki kwa sababu zilikuwa kwenye akaunti ya Google, chati zikaondoka. Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi: kitu chochote ambacho kikipotea nitapoteza mteja hakikai sehemu moja. Vipimo vya madirisha viko kwenye kaunta buku, na viko kwenye jedwali la Google ambalo nalifungua kutoka simu yoyote au kompyuta yoyote. Nikihamia iPhone kesho vipo. Nikirudi Android vipo. Na kama unahama, simu ya zamani usiiuze mpaka umekaa na mpya wiki mbili. Wiki mbili, narudia.

4. Hii pesa inatoka kwenye faida au kwenye mtaji?

Hapa ndipo wengi tunafia. Kama ni faida ya miezi mitatu umeiweka pembeni, nunua unachotaka, roho yako na ifurahi. Kama ni pesa ya mzigo, weka chini. Simu haizai mapazia.

Kwenye hili la pesa niseme na ukweli wa upande wa pili. iPhone inatunza bei. Ile yangu niliitumia miezi saba nikaiuza 690,000. Nilipoteza 160,000. Android niliyonunua 480,000 niliiuza 160,000, hapo zilikwenda 320,000, ingawa nilikuwa nimeitumia muda mrefu zaidi. Na iPhone zinapata mifumo mipya kwa miaka mingi. iPhone 11 ilitoka 2019, na mfumo mpya wa 2025 bado iliupata. Android nyingi za bei ya chini hazifiki huko. Kwa hiyo anayesema iPhone ni ujinga naye hajapiga hesabu. Shida yangu mimi haikuwa iPhone. Shida ilikuwa kuinunua kwa pesa ya Idd ili kumnyamazisha mtu ambaye hata hanunui mapazia.

Sasa kidogo kuhusu kompyuta, maana naulizwa sana. "Ninunue Mac au Windows?" Mwenzangu mmoja aliambiwa bila Mac hawezi kutengeneza matangazo mazuri. Matangazo yake anatengeneza kwenye Canva, na Canva inafunguka kwenye Mac, Windows, na hata kwenye simu. Jiulize kwanza kazi yako ni nini. Kama ni kuandika hesabu, kuchapa risiti na kupanga picha, laptopu ya kawaida inatosha. Angalia na watu unaofanya nao kazi: anayechapa mabango, anayekufanyia hesabu, fundi wako. Wa kwangu wote wako Windows, na fundi wa Windows nampata hatua kumi kutoka dukani. Mimi nikachukua Windows. Kama watu wako wote wangekuwa kwenye Mac na unahariri video kila siku, ningekwambia jipange ununue Mac.

Na kama laptopu ya Windows ni ya zamani na inakokota, kuna mfumo wa bure unaoitwa Ubuntu, umetokana na Linux. Aliyeuanzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini. Haulipii hata senti. Lakini hata huko kuna mashabiki watakaokwambia wa Windows wote hawana akili. Chukua mfumo, waachie dharau.

Tahadhari kwa wanaonunua vitu vilivyotumika, na ndiyo wengi wetu:

Laptopu ya Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wametoa nafasi ya kujiandikisha kupata ulinzi mpaka Oktoba 2026, basi. Laptopu nyingi za mtumba hazikubali Windows 11. Kama ni ya Intel, uliza ni kizazi cha ngapi. Chini ya kizazi cha 8, Windows 11 haiitaki rasmi. Muuzaji akisema "hii inapiga kazi tu", mwambie akuonyeshe.

iPhone. Usitoe pesa kabla ya kuhakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imetolewa. Ifuteni kila kitu mbele yako, iwake upya, uingie na akaunti yako palepale. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, rudisha, hata akikupunguzia bei. Na wale mnaovutwa na iPhone 6 ya bei poa: WhatsApp haifanyi kazi humo tangu Mei 2025. Utakuwa umenunua kioo cha kujitazama.

Android. Nayo ina kufuli la akaunti ya Google, kwa hiyo fanya hivyo hivyo: ifutwe, iwake, uingie na akaunti yako. Na kwa simu yoyote ile bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, itume kwenda 15090 uone kama majibu yanaendana na simu uliyoshika. Majibu yakisema ni simu nyingine, ondoka.

Mnaweza kuuliza, sasa mwenyewe unatumia nini? Oda zote ziko kwenye Android ya laini mbili, niliyonunua kwa faida. Hesabu ziko kwenye laptopu ya Windows. Na video? Kuna kijana mtaani ana iPhone nzuri na mkono mtulivu. Mara moja kwa mwezi mzigo ukifika namwita, anapiga video saa mbili, nampa 15,000. Kwa mwaka ni 180,000. Video ninazo, mtaji ninao, na yeye anapata riziki. Kwa mtu wa ngazi yangu, kamera nzuri siyo lazima niimiliki.

Yule dada aliyenicheka kwenye grupu, sina kinyongo naye. Labda na yeye kuna aliyemcheka kabla. Hivi ndivyo inavyozunguka: tunapitishiana dharau kama sahani ya pilau, na kila anayepokea anachomoa noti kwenye mtaji. Ikikufikia wewe, usiipitishe.

Yule mama wa Morogoro alirudi, mwaka jana. Safari hii alimtuma mjukuu wake apime. Vipimo nimeviandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa kwanza kabisa, na wino usiofutika. Alipopokea mzigo stendi alinipigia kusema umefika salama na rangi ni ile ile aliyoitaka. Hakuniuliza natumia simu gani.

Kama kuna mwenzako anataka kutoa pesa ya mzigo akanunue simu kwa sababu amechekwa, mtumie hii kabla hajapanda daladala ya Kariakoo. Biashara njema.